Usiku mwema, afande

Mwaka wangu wa kwanza hapa Hamilton, Ontario, nilikuwa nala chakula cha mchana nje, nyuma ya ghala letu la mizigo, nimekalia palati iliyovunjika na kontena la wali na maharage mapajani. Ilikuwa Jumamosi ya Julai. Ghala liko jirani na uwanja wa ndege, na ukikaa pale mwezi mmoja masikio yanakufa ganzi: ndege za mizigo zinatua, zinapaa, wala hushtuki. Lakini mngurumo wa siku hiyo haukuwa wa jeti. Ulikuja taratibu, mzito, kama malori manne yanapanda mlima kwa pamoja, na niliusikia kifuani kabla ya masikioni. Nikainua uso. Ikapita juu yetu ndege kubwa ya pangaboi nne, tumbo jeusi tii, mkia umefungwa vioo, ubavuni herufi nyekundu: VR, halafu A.

"Ndege ya Mynarski hiyo," akasema mzee mmoja tunayefanya naye kazi, Mkanada wa kuzaliwa. Alisema kama anayemtaja jirani yake. Nikadhani Mynarski ndiye mwenye ndege, tajiri fulani anayejifurahisha mwisho wa wiki. Mzee akacheka mpaka akapaliwa na kahawa.

"Huyo alikufa mwaka 44," akasema. "Na hakuwahi kumiliki ndege. Alikuwa mkata ngozi."

Nilirudi nyumbani na hilo la kukata ngozi kichwani. Ningeambiwa alikuwa shujaa nisingefuatilia. Mashujaa wa vita wapo kila kona ya nchi hii, kila bustani ina sanamu na kila daraja lina jina la mtu. Mkata ngozi ni kitu kingine.

Wiki mbili baadaye nikaenda makumbusho ya Canadian Warplane Heritage, palepale uwanjani, dakika kumi kwa miguu kutoka kazini. Ndege ile ni Lancaster, ndege ya kudondosha mabomu. Ziliundwa zaidi ya 7,000 wakati wa Vita Kuu ya Pili, na leo ni mbili tu duniani zinazoruka: moja iko Uingereza, ya pili ni hii. Haikuwahi kuwa ya Mynarski hata siku moja. Iliundwa Malton, karibu na Toronto, mwaka 1945, yeye akiwa kaburini tayari. Ndege yake yeye ilibaki vipande Ufaransa. Hii imepakwa tu rangi na herufi za ile, kama unavyompa mtoto jina la marehemu.

Nikasimama nyuma ya mkia. Kule mwisho kabisa kuna kizimba cha vioo na chuma chenye bunduki nne, na ndani yake alikaa mtu mmoja, uso nyuma, akitazama ndege inakotoka badala ya inakokwenda. Nilipanua mabega kupima. Mimi si mtu mnene, lakini pale ningeingia kwa kusukumwa. Mwavuli wa kurukia haukuwa na nafasi humo. Uliwekwa nje ya mlango wa kizimba, ndani ya tumbo la ndege. Ili atoke, mtu wa mkiani alipaswa kukizungusha kizimba kielekee nyuma sawasawa ili milango yake ikutane na ya ndege. Kizimba kilizungushwa kwa nguvu ya haidroliki iliyotoka kwenye injini ya nje ya kushoto. Kumbuka hiyo injini.

Kisha nikatembea ubavuni, upande wa kulia, kutoka kizimbani mpaka mlango wa kutokea. Hatua zangu sita, labda saba. Ni umbali wa kutoka jikoni kwetu mpaka kitandani.

Andrew Mynarski alizaliwa Winnipeg tarehe 14 Oktoba 1916, mtoto wa wahamiaji kutoka Poland. Wenzake walimwita Andy. Baba yake alifariki Andy akiwa na miaka 16, na hapo mambo yakawa yale tunayoyajua wote: mtoto anaingia kazini ili nyumba isianguke. Akawa anakata ngozi laini kwa wafanyabiashara wa makoti ya manyoya, miaka kadhaa. Novemba 1941, akiwa na miaka 25, akajiandikisha katika jeshi la anga la Kanada. Wakampeleka kujifunza redio. Alama za Morse zikamshinda. Wakamhamishia kwenye bunduki.

Hapo nilicheka kidogo, kwa sababu namfahamu mtu wa aina hiyo. Nami nimeshindwa mitihani miwili ya leseni hapa kabla ya kupewa kazi ya kubeba. Mtu anayefeli redio anakuwa mpiga bunduki, na mpiga bunduki ndiye anayekaa mbali na nahodha, kule nyuma kwenye baridi. Hakuna aliyempangia ushujaa. Alipangiwa nafasi iliyobaki.

Alifika Uingereza mwaka 1943, na majira ya kuchipua ya 1944 akawa katika skwadroni namba 419 ya Wakanada, kituo cha Middleton St George, kaskazini mwa Uingereza. Lancaster moja ilichukua watu saba. Nahodha wao alikuwa Art de Breyne wa Montreal. Bob Bodie alisoma ramani, Jack Friday alilenga mabomu, Jim Kelly alishika redio, Roy Vigars, Mwingereza pekee kati yao, alikuwa fundi wa injini. Andy alikaa kizimba cha juu mgongoni mwa ndege. Mkiani alikaa Pat Brophy.

Tusimung'unye maneno kuhusu kazi yenyewe. Kamandi ile ya ndege za mabomu ya Uingereza ndiyo iliyochoma Hamburg mwaka 1943 na Dresden mwaka 1945, maelfu kwa maelfu ya raia wakafa, wanawake na watoto humo. Hata reli za Ufaransa walizopiga masika ile kabla ya majeshi yaliyopigana na Wajerumani kutua Normandy, pwani ya Ufaransa, zilipita katikati ya miji ya watu. Sioni haya kulisema hilo na bado kumlilia Andy. Nao wenyewe walikuwa wanakufa kama nzige. Kati ya watu kama 125,000 waliorushwa na kamandi hiyo, waliouawa ni 55,573. Panda daladala yenye abiria thelathini, kisha hesabu kumi na watatu hawafiki. Zamu moja ilikuwa safari 30, na kila jioni walipanda ngazi ileile wakijua hesabu hiyo.

(Wapo waliofika mbali zaidi. Jaji Ulric Cross, mzaliwa wa Trinidad aliyekuja kukaa Mahakama Kuu ya Tanzania miaka ya mwisho ya 1960, alikuwa msoma ramani wa ndege za Mosquito katika kamandi hiyohiyo, akaruka safari 80 na kuishi mpaka uzeeni. Nadhani wengi waliosimama mbele yake Dar es Salaam hawakujua.)

Andy na Pat walikuwa marafiki wa kunywa pamoja. Pat akawa ofisa, Andy bado, na jeshini hiyo ni mipaka: maofisa wanalala kwao, wanakula kwao. Basi kila waliporudi usiku kutoka matembezini na ikafika pale pa kuachana, Andy alisimama wima, akagonga visigino, akapiga saluti ya kutia chumvi, akasema: "Good night, sir." Usiku mwema, afande. Ni kejeli ya rafiki kwa rafiki aliyepandishwa cheo. Nani hajawahi kumwita mshikaji wake "mheshimiwa" siku alipopata kazi ya kuvaa tai?

Safari yao ya kumi na tatu ilikuwa usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 Juni 1944, siku sita tu baada ya majeshi kutua Normandy. Walitumwa kupiga yadi ya reli ya Cambrai, kaskazini mwa Ufaransa. Wazungu na namba 13 unawajua, kwao ni mkosi. Walipokuwa wakisubiri kwenye nyasi karibu na ndege, Andy aliokota jani la klova lenye vipande vinne. La kawaida huwa na vitatu. Likiwa na vinne kwao ni bahati. Akampa Pat. Pat hakulitaka, Andy akamlazimisha.

Walipovuka pwani ya Ufaransa taa za kumulika anga ziliwanasa, de Breyne akaipindua na kuishusha ndege mpaka wakaponyoka. Haikuchukua muda. Ndege ya Kijerumani aina ya Junkers 88 ikawajia kutoka nyuma na chini. Risasi zake zikaua injini zote mbili za kushoto na kuwasha moto bawani. Moto wa pili ukalipuka ndani, kati ya kizimba cha Andy na kile cha Pat, mafuta ya haidroliki yakimwagika na kuwaka. Nahodha akaamuru watu waruke.

Andy akashuka kutoka kizimbani mwake, akafika mlangoni. Mwavuli anao. Mlango upo. Akageuka kutazama nyuma.

Pat alikuwa amekwama. Injini ya nje ya kushoto imekufa, kizimba hakizunguki. Kulikuwa na mpini wa kuzungushia kwa mkono, ukamkatikia.

Zile hatua sita nilizozipima ubavuni, Andy alizipita kwa magoti na viganja, ndani ya moto. Alipofika, nguo zake tangu kiunoni kushuka chini zilikuwa zinawaka. Akachukua shoka la dharura akapiga milango ya kizimba. Haikufunguka. Akatupa shoka, akashika kwa mikono. Unaweza kuona ujinga wake hapa, na mimi niliuona: chuma kilichoshinda shoka kitashindwa na vidole? Lakini huyu alikuwa mtu wa mikono. Kazi yake yote kabla ya vita ilikuwa ya vidole.

Pat, kutoka ndani, akampungia mkono aende. Akamfokea arudi. Andy akakubali mwishowe, lakini hakugeuka. Nafasi ilikuwa finyu, akarudi kinyumenyume kupita moto uleule, macho kwa Pat, mpaka mlangoni. Pale akasimama wima, nguo zinawaka, akapiga saluti. Midomo ikatikisika. Halafu akaruka.

Pat alisimulia baadaye kwamba hakuyasikia maneno yale. Kwa makelele ya upepo na moto nani angesikia. Aliyajua.

Kila mahali niliposoma habari hii, saluti ile inaelezwa kama heshima ya kijeshi: askari anamuaga ofisa wake, nidhamu hadi dakika ya mwisho. Ipo sanamu yake ya shaba kule Middleton St George, ambako sasa ni uwanja wa ndege wa abiria, ilizinduliwa mwaka 2005. Nimeiona kwenye picha: amevaa nguo za kurukia, mkono kichwani, uso mkavu kama cheti.

Mimi nasema ule ulikuwa utani. Kwenye makaratasi Andy alikuwa amepewa uofisa tarehe 11 Juni, siku moja kabla ya safari. Pat alimzidi cheo kidogo tu. Saluti yenyewe haikuwahi kuwa ya kweli hata kabla ya hapo, ilikuwa igizo la mlevi kwenye njia panda saa sita usiku. Ndiyo sababu Pat aliyaelewa maneno bila kuyasikia. Amri unaisikia kwa masikio, lakini utani wa mtu wako unaujua hata kwa mgongo wake.

Nina sababu ya kuling'ang'ania hili. Sisi ni Wanyamwezi wa Tabora. Babu mzaa baba alikuwa keya, askari wa jeshi la kikoloni la Waingereza. Alipelekwa Burma mwaka huohuo wa 1944, akatembea bonde la Kabaw kwenye matope ya masika, wanaletewa chakula kwa kudondoshewa na ndege. Kwake ndege ilikuwa kitu kinachotupa mchele. Aliporudi alipata rafiki, Mzaramo mmoja aliyefanya kazi reli, na kwa kuwa Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, hawakuzungumza neno la maana miaka arobaini. Matusi tu. Mzaramo alimwita babu mpagazi. Babu alimwita yeye mla dagaa.

Siku babu tunamzika, jeneza limeshabebwa, Mzaramo akajilaza chali njiani. Mzee wa miaka themanini, kanzu nyeupe, kwenye vumbi. Akasema maiti haipiti. Huyu mpagazi ana kikopo changu cha ugoro, hawezi kwenda nacho ahera. Wanawake waliokuwa wanalia wakaanza kucheka na kilio bado kiko kooni, baba akatoa elfu mbili, Mzaramo akazikataa, akaongezwa, akainuka. Alipopita karibu yangu nilimwona: machozi yamechora mistari miwili kwenye vumbi la mashavu. Hakuyafuta. Akaendelea kumtukana marehemu mpaka tukamaliza kufukia.

Msomaji wa pwani na bara hahitaji nimweleze kwa nini mtani ndiye anayeruhusiwa kufanya mzaha penye kifo. Wakanada nimejaribu kuwaeleza. Mzee wa kazini alisikiliza kwa adabu, akauliza kama ugoro ulipatikana.

Sasa yaliyobaki. Watu wa chini, Wafaransa, waliona mtu anashuka kutoka angani akiwaka, mwavuli nao unawaka. Walimkuta hai. Alikufa kwa majeraha ya moto, na amezikwa kwenye makaburi ya kijiji cha Méharicourt, mashariki ya Amiens. Alikuwa na miaka 27. Mdogo wangu ana umri huo, bado ananiomba nauli.

Na Pat? Ndege isiyo na nahodha ilishuka kwa mlalo, si kwa kichwa, ikaparaza ardhi, mti ukang'oa bawa la kushoto. Ndani yake kulikuwa na mabomu ishirini. Mawili tu yakalipuka. Kishindo hicho, na mti ule, vikafanya kilichoshindikana kwa shoka na kwa vidole: kizimba kikafunguka, Pat akatupwa nje. Alizinduka ameegemea mti, saa yake ya mkononi imesimama kwenye 2:13. Mzima. Wafaransa wakamficha. Wenzao watano waliruka, wote wakaishi. Baadhi walifichwa hivyohivyo, wengine wakaangukia mikononi mwa Wajerumani, wakapona. Katika watu saba, aliyekufa ni yule aliyekuwa mlangoni na mwavuli wake.

Habari ilijulikana pale Pat alipokutana tena na wenzake na kusimulia kilichotokea mkiani. Hakuna mwingine aliyekuwa na habari. Watano wa mbele waliruka bila kujua. Hili ndilo linaloninyima usingizi kuliko moto: bomu la tatu lingelipuka, Andy angekuwa jina moja kati ya zaidi ya 55,000, "alikufa Cambrai," basi. Kitendo kingekuwa kilekile, hatua sita kwenda na sita kurudi, na asingekijua mtu. Ni wangapi wengine walitambaa, kwenye ndege ambazo mtu wa mkiani hakutupwa nje?

Msalaba wa Victoria ulitangazwa tarehe 11 Oktoba 1946, kwa ushahidi wa mtu mmoja. Medali ya juu kabisa, na kwa jambo lisilofanikiwa. Winnipeg wana shule yenye jina lake.

Jumamosi iliyopita ndege ilipita tena juu ya ghala. Sasa naitambua sauti nikiwa ndani, hata foklifti ikiwa inanguruma. Nikatoka na mzee naye akatoka, tukasimama shingo juu. Nikamuuliza kuhusu lile jani.

"Lilifanya kazi," akasema. "Brophy alilichukua, Brophy alipona."

"Si alilikataa? Kwa nini Andy alilazimisha? Angekaa nalo mwenyewe."

Mzee akafikiri kidogo, akavaa glavu zake, kwanza ya kulia.

"Labda alikuwa anamtania," akasema, kengele ikalia, tukarudi kupakia.